Jiwe la Bibi Jin

Juzi Hamadi alinitumia picha kwa simu. Hamadi ndiye anayeshughulika siku hizi na ghala la Sanyuanli, lile tulilokuwa tukikusanyia mizigo kabla ya kupakia makontena ya Dar na Unguja, na kila akikutana na jambo la Kichina lisilomwingia akilini huniuliza mie, mzee niliyestaafu zamani, utadhani ubongo wangu niliuacha Guangzhou. Pichani ulikuwa ukuta wa lile ghala, na juu ya ukuta herufi moja kubwa ya Kichina, nyekundu, imezungushiwa duara. "Bi Rukia, asubuhi wamekuja watu na kopo la rangi, wamechora hivi, wakaondoka bila hata salamu. Neno hili linasomwaje?" Nikamwambia, "Linasomwa chai." Akacheka mpaka akapaliwa. "Ya rangi au ya maziwa?" Nami nikacheka naye, maana hata mie neno hilo lilinipiga chenga hivyo hivyo. Kisha nikamwambia ngoja nitakupigia, nikaweka simu juu ya mto, na ghafla nikawa sikioni tena chumba changu cha Mlandege. Naona jiko la Bibi Jin, masizi ukutani, beseni la mabati, na lile jiwe.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata mvua za El Niño, zile zilizotusombea barabara zetu. Niliagizwa nikae Guangzhou mwaka mzima, niwanunulie vitambaa wafanyabiashara wa Darajani na Kariakoo waliokuwa wamechoka kwenda na kurudi. Siku hizo watu wetu kule walikuwa wa kuhesabika. Akipita Mswahili njiani, Mchina anasimamisha baiskeli atazame vizuri. Asubuhi nilikuwa Zhongda, ambako majora ya vitambaa yalirundikwa hadi kwenye mabati na mwenye duka hulala juu yake kama paka. Jioni nilikuwa Sanyuanli nikisimamia marobota. Wenzangu waliotangulia walinifunza maneno manne tu. "Meiyo," hakuna. "Taigui," ghali mno. "Chingjen," yaani safi, halali, neno utakaloliona kwenye migahawa ya Waislamu. Na ukitia "si" mwishoni, "chingjen-si," huo ni msikiti. "Yashike hayo," waliniambia, "hutakufa njaa wala hutakosa pa kuswali." Kweli, kufa sikufa, lakini wiki ya kwanza nilikula ndizi na mayai ya kuchemsha hadi nikaanza kunuka banda la kuku.

Siku niliyomjua Bibi Jin nilikuwa nimepotea. Nilikuwa naitafuta njia ya mkato kwenye vichochoro vya mji mkongwe, vile vyembamba vyenye nguo zinazochuruzika maji juu ya kichwa chako, na njaa imenishika barabara. Mlangoni pa nyumba ya matofali ya kijivu alikaa ajuza mdogo wa umbo, amepakata beseni, na ndani ya beseni paja la kondoo. Hakuwa akikata nyama. Alikuwa akitafuta kitu ndani yake, kwa ncha ya mkasi, taratibu, hadi akaupata mshipa mmoja mrefu mweupe, akauvuta wote, akamrushia paka. Sijapata kuona mpishi anayehangaikia mshipa namna ile. Nikajikaza nikasema, "Chingjen?" Akainua uso, akaniangalia buibui langu, uso ukamng'aa. "Chingjen! Chingjen!" Akanivuta mkono kwa vidole vilivyojaa mafuta hadi jikoni, akanipa bakuli la tambi na mchuzi wa kondoo. Wallahi, nilikula huku machozi yakinitoka. Yeye alinitazama tu, akiniongeza kila bakuli lilipopungua, kama wafanyavyo bibi zetu wote ambao kwao kushiba ni neno la adabu tu.

Nilipomaliza nikamwonyesha kwa ishara kwamba nataka kuswali. Alielewa mara moja. Akanipa maji, akanipeleka chumba cha nyuma. Nikatoa dira yangu, niliyoinunua kwa mchuuzi wa barabarani na kujivunia kweli kweli, nikaufuata mshale, nikatandika mtandio wangu kuelekea kaskazini. Usinicheke. Mie ni mtoto wa Unguja, na kwetu Makka iko kaskazini moja kwa moja. Hata ukimuuliza mzee wetu kaskazini ni wapi atakwambia ni kibla. Maneno mawili, upande mmoja. Nilivuka nusu ya dunia na sikuwahi kufikiri kwamba kaskazini imebaki pale pale lakini kibla imehama. Sijainua mikono kutoa takbira, nikasikia, "Aiya!" Bibi Jin akanikamata mabega, akanigeuza kama mtu anavyougeuza mtungi kutafuta ufa, akanielekeza ukuta wa magharibi. Ndipo nilipoliona jiwe.

Lilikuwa kitako cha nguzo, linanifika magotini, la mviringo, limechongwa majani ya yungiyungi kulizunguka, na upande mmoja pana mstari wa herufi zilizoliwa na miaka. Hakikuwepo kingine ukutani pale, si picha, si ubani, si maua. Juu yake hapana nguzo. Nguzo ilikuwa wapi, na paa lililobebwa na nguzo hiyo, na watu waliokuwa chini ya paa hilo? Nilipokwisha kuswali nikaligusa. Guangzhou ni joto la kukamua nguo, lakini jiwe lile lilikuwa la baridi, baridi ya kisimani, na mwili wote ukanisisimka. Nikauliza kwa lugha yangu ya maneno manne, "Chingjen-si?" Bibi Jin akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, na macho yakamlowa. "Chingjen-si," akasema, kisha akafanya kwa mikono kitu kinachoporomoka, na maji mengi yanayokuja. Basi nikajua: msikiti wa kale, ulibebwa na mafuriko, na hili ndilo lililobaki. Nikajaribu kuzisoma zile herufi kwa kidole, kutoka kulia, nikiitafuta alifu. Sikuiona. Nikasema labda ni Kiarabu cha zamani sana, mie nani hata nikijue.

Mwezi huo huo nikahamia kwake, chumba cha juu, chenye sakafu ya mbao iliyoruhusu kila harufu na kila neno la chini kupanda. Wenzangu wa Sanyuanli hawakuniacha. "Rukia kapanga kwa jini!" Hata walipomjua na kula tambi zake, jina lilibaki, na mie nikawa Rukia wa Jini. Mwenyewe nilimwita Nainai, ndiyo bibi kwa Kichina, naye aliniita Lukiya. Jioni tulikaa jikoni tukichambua mboga, kila mtu akizungumza lugha yake, na sijui ilikuwaje lakini tulisengenya majirani tukaelewana. Nyama ya nguruwe haikuingia nyumba ile. Damu aliikamua kwenye nyama kwa chumvi hadi itoke yote. Na kila kondoo, kwanza ule mshipa. Nikasema moyoni, hawa Waislamu wa Uchina wamekamata dini kuliko sisi.

Jumapili alikuja mwanawe, mtu mzima mwenye miwani na mkoba wa kazini. Wakikaa chini, mie juu nasikia: chai, chai, chai. Najua chai kwa Kichina ni "cha", lakini Bibi Jin na mwanawe walizungumza Kichina cha kaskazini, nikasema huenda kaskazini ndivyo wanavyotamka, kama sisi. Nikamwonea huruma yule bwana. Kila akija anaomba chai na mamake anamgombeza! Basi Jumapili moja nikachukua iliki yangu na tangawizi na maziwa ya kopo, nikapika chai ya haja, nikashuka na sinia nikitabasamu. "Chai," nikasema. Wakanitazama wote wawili kama nimewaletea jeneza. Mwana akavua miwani. Bibi Jin akanitazama, akatazama kikombe, akachukua, akanywa funda moja, akaanza kulia. Mie nikadhani nimezidisha tangawizi.

Aliyenifumbua macho ni Papa Kalombo. Huyu alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, Mkristo mwenye kofia ya pama na Kifaransa cha kutembelea, aliyesoma Kichina miaka mingi na sasa akiwasafirishia mizigo watu wa kwao kupitia ghala letu. Nilimwalika chakula cha mchana. Akasimama mlangoni haingii, akitazama herufi nyekundu iliyochorwa ukutani, ambayo mie nilidhani ni pambo la sikukuu, kwa kuwa kule wekundu ni heri. "Dada Rukia, tangu lini hii iko hapa?" Nikamwambia wiki nyingi. "Na wanakuambia nini?" Nikamwambia hawaniambii kitu, ila kila Jumapili ni chai, chai. Papa Kalombo akafumba macho. "Mon Dieu. Hii haiko chai ya kunywa, dada. Hii neno chai njo kusema kuvunja. Batavunja nyumba. Banapitisha barabara." Nilisimama pale na majani ya giligilani mkononi. Nikakumbuka sinia, nikakumbuka lile funda, na nikaona aibu na huruma vikinipanda kwa pamoja.

Tukaingia, tukakaa kula. Bibi Jin, kwa kuwa amempata mtu wa kumwelewa, alizungumza sasa bila kupumua, na Papa Kalombo akawa ananitafsiria. Mwanawe amepata fleti ghorofa ya saba. Yeye atakwenda, hana ubishi, nyumba ni matofali. Jiwe je? Fleti yenyewe ukuta wake wa magharibi ni choo. "Anasema jiwe ya baba zake haiwezi kutazama choo." Mwana anasema lipelekwe makumbusho; mama anasema jiwe lile halikuchongwa ili litazamwe, lilichongwa ili watu wasimame mbele yake wamtazame Mungu. Na mashine zinakuja mwisho wa mwezi. Huku akisema, mikono yake haikusimama. Alikuwa na paja la kondoo la kesho, na mkasi. Papa Kalombo akaacha kutafsiri. Akautazama ule mshipa ukitoka, mrefu, mweupe. "Dada Rukia," akasema polepole, "kila siku anafanya vile?" Nikamwambia kila nyama ya paja. Akamuuliza Bibi Jin swali kwa Kichina. Bibi akajibu bila kuinua kichwa, kama unavyojibu ukiulizwa kwa nini unafagia.

Papa Kalombo akavua kofia. "Anasema njo baba yao wa zamani alipigana mwereka na malaika usiku muzima, malaika akamugusa paja, akachechemea. Toka siku ile bao habakuli ule mushipa. Dada, mi najua huyu mutu! Huyu ni Yakobo! Mi ninamusoma tangu mutoto!" Nikasema, "Nabii Yaakub?" Tukatazamana kama wendawazimu wawili. Bibi Jin akainuka, akapangusa mikono, akaleta kikapu, akatoa kofia ndogo ya buluu iliyochakaa. Ilikuwa ya babu yake. Akaeleza, na Papa Kalombo akatafsiri kwa sauti ya kanisani. Kwao ni Kaifeng, mbali kaskazini, kando ya Mto Manjano. Watu wa huko waliwaita Waislamu "kofia nyeupe", na watu wa kwao wakaitwa "kofia ya buluu". Walikuwa Mayahudi. Nyumba yao ya ibada iliitwa chingjen-si, jina lile lile la msikiti, maana kwa Mchina wote walikuwa watu wasiokula nguruwe na wanaoelekea magharibi kumwomba Mungu asiyeonekana. Mto uliibomoa, wakaijenga. Ukaibomoa tena, wakaijenga. Mwisho mikono ikapungua, vitabu vikakosa msomaji, na watu wakauza matofali. Babu yake akachukua jiwe moja, akashuka nalo kusini, yeye Bibi Jin akiwa mtoto amekalishwa juu yake ndani ya mashua. "Zile herufi zinasema nini?" nikauliza. Bibi Jin akatabasamu. Hata babu yake hakujua.

Nilikwenda peke yangu chumba cha nyuma. Sitaki nijifanye shujaa, niliogopa. Miezi mizima nimesujudu mbele ya jiwe la sinagogi, na kwetu ningemweleza nani jambo hilo akanielewa? Nikasimama, nikajiuliza: Rukia, ulikuwa unamwomba nani? Nikajijibu: Mola wangu. Ulielekea wapi? Makka. Nani alikugeuza, wewe uliyekuwa unaswali kwa mshale wa dira? Subhanallah. Kutoka Guangzhou, Makka ni magharibi, na Baitul Muqaddas, Yerusalemu yao, ni magharibi. Mtu mmoja baada ya mwingine, vizazi, amesimama kando ya kitako hiki akitazama upande ule ule, wengine wakiwa wamekwisha sahau lugha ya dua, na bado hawakuusahau upande. Nililiangalia lile jiwe nikajiona mdogo, mdogo kama punje ya mtama, na nikafurahi kuwa mdogo. Nikatandika mtandio nikaswali alasiri pale pale.

Kuokoa jiwe ikawa kazi ya ghala zima. Mwana alikuwa akitafuta fleti nyingine, na Papa Kalombo akasema lingoje Sanyuanli. Vijana wa upakiaji walilinyanyua kwa kamba na laana, wakaliweka kwenye guta, na Bibi Jin akakataa katakata kutembea kwa miguu. Alikaa juu ya jiwe kama alivyokaa utotoni, mwavuli mkononi, guta likakata mji hivyo, na Wachina safari hii hawakujua wamtazame nani. Ghalani alichagua mahali mwenyewe, ukuta wa magharibi, kati ya marobota ya vitambaa na katoni za sandali. Akalisukuma kwa mguu hadi likakaa anavyotaka. Wenzangu Waunguja wakauliza kitu gani hiki. Nikawaambia ni jiwe la kale la nyumba ya ibada, na huko linakotazama ndiko kibla. "Kibla si kaskazini?" akasema mmoja, dira mkononi, na mie nikamgeuza kwa mabega.

Fleti ya pili haikupatikana upesi. Nyumba ya kichochoroni ikaanguka. Nilikwenda nikaona vumbi tu na paka juu ya kifusi. Huku ghalani, hakuna aliyetoa amri, lakini marobota yalianza kusogezwa mbali na lile jiwe. Mtu akaleta jamvi. Mwingine akaleta ndoo na kopo la kutawadhia. Papa Kalombo, kila asubuhi kabla ya kazi, alisimama mbele yake na kofia kifuani, akinong'ona Kifaransa chake, kisha akatupisha. Ikawa mtu akiuliza "umeswali wapi?" anajibiwa "pale jiweni".

Ndipo siku moja wakati wa adhuhuri Bibi Jin akaja kulichukua. Fleti imepatikana, ukuta wa magharibi ni mzuri, mwana amekuja na kamba na watu wa kubeba. Mie nilikuwa safu ya nyuma, nyuma ya wanaume, tumekwisha hirimia. Nikaona kwa pembe ya jicho viatu vyake vidogo vya kitambaa vimesimama mlangoni. Swala yote ikanipotea. Sikuwa nimemwambia kwamba tunaswali pale. Je, atasema tumelinyang'anya jiwe la baba zake? Tulipotoa salamu nikageuka. Alikuwa amevua viatu. Alipita katikati yetu na soksi zake, polepole, wanaume wakampisha, akaweka kiganja juu ya jiwe, akatazama jamvi, ndoo, watu, mikeka iliyopangwa kuelekea kule. Papa Kalombo alikuwa kwenye katoni, kofia mkononi. "Chingjen-si," akasema Bibi Jin. Hakuuliza. Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia neno moja, na yule bwana akaanza kuikunja kamba.

Nililia hadharani bila haya. Akanijia, akanipangusa kwa mkono wake unaonuka kitunguu saumu, akaona nyuso zetu zilivyo nzito, akatamka kwa sauti kubwa: "Chai!" Tukaganda sote. Tunavunjiwa na ghala pia? Yeye akaangua kicheko, akanyoosha kidole kwenye chupa yangu ya iliki na tangawizi, akakaa juu ya jiwe lake, akasubiri kumiminiwa.

Mwisho wa mwaka nikarudi nyumbani. Bibi Jin alifariki miaka michache baadaye, Papa Kalombo ndiye aliyeniletea habari. Naye sasa hayupo. Wapangaji wa ghala wamebadilika sijui mara ngapi. Kwa hiyo juzi niliichukua tena simu, nikampigia Hamadi. Nilimweleza chai maana yake nini. Akasema Inna lillahi, kumbe ndiyo maana mwenye jengo anatuhimiza, na mizigo yote hii? Nikamwambia, mizigo baadaye, Hamadi, sikiliza. Ukuta wa magharibi, nyuma kabisa, kulikuwa na jiwe.

"Jiwe la kibla?" akasema. "Hilo mbona limeshatoka, Bi Rukia. Ulipokata simu tu, mwenye jengo akaja akasema tuanze kuhama, basi vijana wakalibeba kwanza. Liko ghala jipya alilotuonyesha."

"Nani aliwaambieni mlibebe?"

"Hakuna." Nikamsikia anashangaa, kana kwamba nimemuuliza kwa nini alivaa viatu. "Sasa Bi Rukia, bila lile tungeelekea wapi?"